Kranberi zilizogandishwa Lubumbashi: unanunua tunda au unanunua baridi?

Kranberi, lile tunda dogo jekundu ambalo kwenye karatasi za mzigo linaandikwa canneberge, halilimwi Katanga. Nyingi zinatoka Marekani, jimbo la Wisconsin likiongoza, na Kanada, hasa Quebec na British Columbia. Chile nayo inatoa kiasi. Kiwanda cha Lubumbashi kinachotengeneza konfitiri (jemu), yaurti au biskuti, kikitaka tunda hili, kinakutana na swali moja: liagizwe likiwa limegandishwa, kontena nzima, au lichukuliwe likiwa limekaushwa?

Wanaotetea lililogandishwa wana hoja nzito. Kaskazini mavuno huanza katikati ya Septemba na kuisha mapema Novemba, kwa hiyo anayehitaji tunda zima Mei au Juni hana budi kutegemea friza ya mtu fulani. Lililogandishwa halina kitu kilichoongezwa: uchachu wake upo (pH karibu 2.5), pektini yake, ile inayokaza konfitiri, ipo, rangi yake ipo. Lililokaushwa limeloweshwa kwanza kwenye sharubati ya sukari, na mara nyingi limepakwa mafuta kidogo ili yasishikane. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Ukilitia kwenye yaurti linanyonya maji na kuvimba, na hesabu yako ya utamu inavurugika.

Tatizo liko kwenye hesabu ya mzigo. Kontena la baridi la futi 40 linabeba tani 20 na zaidi, kwenye kartoni za kilo 10 hadi 18 hivi. Kiwanda kinachotumia kilo 300 kwa juma kitakaa na mzigo huo majuma 67, mwaka mmoja na miezi mitatu. Tunda lililogandishwa hupewa muda wa kuishi wa miezi 24 hivi kwenye nyuzi -18, lakini saa ilianza kuhesabu siku lilipogandishwa. Likifika na miezi minane, kartoni za mwisho utazifungua ukingoni.

Na muda wote huo unalipia baridi. Kutoka Durban au Dar es Salaam kontena linasafiri juu ya lori na jenereta yake, inayokunywa lita mbili hadi nne za mazuti (dizeli) kwa saa. Foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, ikikwama siku tano, ni mamia ya lita, na mota ikizimwa usiku mmoja kuokoa mazuti, hakuna anayekuambia. Ukifika mjini, delestaji, kukatwa umeme kwa zamu, inakusubiri. Wengine huacha kontena lenyewe uwanjani liwe chumba cha baridi. Linataka umeme wa fazi tatu, volti 380 na kuendelea, na mwenye kontena anahesabu siku zake.

Njia ya kati ni kuchukua palete mbili tatu kwa msambazaji wa Johannesburg. Mtaji unapungua, lakini lori la mchanganyiko lina mambo yake: kranberi inapangwa pamoja na samaki wa chinchadi, mlango unafunguliwa kila kituo, na mfuko wa plastiki uliopasuka unapokea harufu ya samaki ambayo hakuna sukari itakayoifuta. Pia mwambie deklaranti wako, wakala wa forodha, mapema kwamba kubadilishwa kartoni Afrika Kusini hakulifanyi tunda kuwa la Afrika Kusini. Cheti cha asili kiseme ukweli. Na lililogandishwa linaingia kwenye fungu 0811 la ushuru, lililokaushwa kwa sukari kwenye fungu 2008. Ankara ikichanganya haya mawili, mzigo unalala mpakani huku mazuti yanaungua.

Mlangoni usiamini namba inayowaka kwenye mashine. Hiyo ni joto la hewa. Toa kartoni moja karibu na mlango, nyingine katikati, chomeka kipimajoto kati ya matunda, kisha zitikise. Kranberi iliyosafiri vizuri inalia kama maharagwe makavu ndani ya debe. Ikiwa ni tofali, na chini ya mfuko kuna barafu nyekundu, iliyeyuka ikagandishwa tena. Itafaa konfitiri, lakini si keki, na bei izungumzwe upya kabla hujasaini.

Kwa maoni yetu, tunda lililogandishwa lina faida kwa kiwanda chenye sufuria kubwa, si chenye friza kubwa. Lipike lote ndani ya majuma machache, likae kwenye ndoo kama konfitiri ya viwandani, na delestaji haitakuwa na cha kuharibu. Kwa sufuria moja: kilo 110 za tunda na kilo 110 za sukari. Tunda lina yabisi iliyoyeyuka ya asilimia 8 hivi, hivyo kufikia Briksi 65 (yabisi iliyoyeyuka asilimia 65) utachemsha hadi kilo 37 za maji zitoke na kubaki na 183 hivi. Anza na maji kidogo na tunda peke yake hadi lipasuke. Sukari ikitangulia kwenye tunda lenye barafu inazama na kuungua chini. Pektini usiongeze kabla ya kujaribu, kwa sababu kranberi inajikaza yenyewe kama jeli.

Hapa vitabu vya Ulaya vinawapoteza wengi: vinasema zima moto kwenye nyuzi 104 au 105. Lubumbashi iko mita 1,200 na kitu juu ya bahari, maji yanachemka kwenye 96 hivi, na konfitiri inaiva karibu na 100 au 101. Anayesubiri 105 anapata mpira. Tumia refraktometa, kipimo cha Briksi.

Mwenye biskuti anunue lililokaushwa tu. Tunda lililogandishwa lina maji karibu asilimia 87, na biskuti inayotaka kukauka haina mahali pa kuyapeleka. Tena, unga wenye soda ya kuokea nyingi huigeuza rangi ya juisi yake kuwa bluu-kijani, na hakuna mteja wa soko la Kenya, lile la hapa Lubumbashi, atakayekuelewa.