Kutosoma si kukosa la kusema

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anashauri mpenda vitabu asifunge ndoa na asiyesoma, eti watakosa la kuongea. Hapo sikubaliani naye. Mume wangu ni fundi majokofu, tangu amalize shule kitabu hakigusi, hata karatasi ya dawa namsomea mimi. Lakini maneno anayo! Akirudi jioni na visa vya wateja wake, riwaya naiweka pembeni mwenyewe.

Ugomvi wetu sisi ni pesa na nafasi. Nikipita kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta, mtaa wa Samora, Dar es Salaam, sirudi mikono mitupu. Naye huuliza, "Mama Salma, vile vya chini ya kitanda umeshavimaliza?" Swali la haki kabisa, na jibu sina.

Filamu ya Vuta N'kuvute ya mwaka 2021 tuliitazama pamoja. Riwaya ya Adam Shafi naijua tangu zamani, basi nikawa namkatiza kila mara: kitabuni sivyo, kitabuni sivyo. Akaniambia ninyamaze, nimwache Yasmin ampende Denge wake kwa raha. Ilipoisha akataka nimsimulie yote yaliyoachwa, tukalala usiku wa manane.

Mimi ningemwogopa zaidi msomaji mwenye dharau, yule anayemsahihisha mwenzake mbele ya wageni. Huyo mwandishi hakumgusa. Tena makala nzima kahoji wasomaji watupu. Hao wasiosoma wanaolaumiwa hakuulizwa hata mmoja.