Kodi ya nyumba Texas na ile tunayokatwa kwenye luku

Mwaka wa 9 huu naishi Texas, nje kidogo ya Houston, na nikiwaambia watu wa nyumbani Tanzania kwamba shule za serikali huku mtoto halipi ada wananijibu mbona hata sisi ni bila ada tangu 2016. Sawa kabisa, ila hela ya shule lazima itoke kwa mtu, na mimi ya kwangu naiona inavyotoka. Bili ya kodi ya nyumba ikija, mstari mkubwa kuliko yote ni wa shule, siyo jiji wala kaunti.

Jimbo hili halikati kodi ya mapato kwenye mshahara, kwa hiyo nyumba ndo inabeba mzigo. Kila eneo la shule lina bodi yake ya kuchaguliwa kwa kura na hiyo bodi ndo inapanga kiwango, kwa kila dola 100 za thamani ya nyumba. Tuseme nyumba ni 300,000, kama unaishi mwenyewe unasamehewa 140,000 za mwanzo, inabaki 160,000, kiwango kikiwa dola 1.10 shule peke yake unalipa 1,760 kwa mwaka. Inauma, sidanganyi. Wakitaka kuvuka kiwango fulani bodi haiwezi peke yake, lazima wananchi wapige kura.

Agosti nikaenda kwenye kikao cha hiyo bodi, ukumbini, viti vya plastiki, kila mtu anapewa dakika 3. Akasimama mzee mmoja mstaafu, makaratasi yake yamejaa mwandiko wa kalamu, mtu ambaye kwa umri wake kodi ya shule haiwezi hata kumpandia, akauliza kwa nini paa la shule moja linatengenezwa mara ya pili. Wakafungua makabrasha wakamjibu kwa shilingi na senti, yani kwa dola, pale pale mbele yetu. Nilikaa kimya nikawa namfikiria mama.

Mama yuko Tandika, Dar es Salaam, mtaa wa watu wa kawaida. Akinunua umeme wa luku, ule wa kulipia kabla, anakatwa kodi ya jengo, walianza na shilingi 1,000 kwa mwezi 2021, 2023 ikawa 1,500, na nyumba isiyo ya ghorofa kule Masaki kwa matajiri nayo inakatwa hiyo hiyo 1,500, haki iko wapi hapo? Mpangaji naye anakatwa kwa nyumba isiyo yake. Hela inaingia TRA, mamlaka ya mapato, huku dada yangu mtaa huo huo anaitwa kikao cha wazazi achangie mlinzi na mitihani, na ruzuku ya mtoto wa msingi imepangwa 10,000 kwa mwaka.

Lakini jamani tusibebe mfumo wa Texas mzima mzima. Miaka ya 60 pale San Antonio wazazi wa Edgewood, maskini watupu, walikuwa wanajitoza dola 1.05 kwa kila 100 wakapata dola 26 kwa mtoto, matajiri wa Alamo Heights wakajitoza 0.85 tu wakapata 333, maana nyumba zao ni za bei. Wazazi wa Edgewood wakashtaki, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, 1973 wazazi wakashindwa kwa jaji 5 dhidi ya 4. Ikabidi miaka 20 ipite ndo jimbo likaanza kuchukua kwa maeneo yenye nazo kupelekea wasio nazo. Sisi tukiacha kila kata itumie kodi yake yenyewe, Masaki watasoma na Tandika watakaa chini.

Mimi ninachotaka ni kile kikao. Kwenye ile 1,500 kiasi kijulikane ni cha shule, kigawanywe nchi nzima kwa idadi ya watoto, halafu karatasi ya mapato na matumizi isomwe kwenye mkutano wa mtaa mwalimu mkuu akiwepo na mama yangu akiwepo. Desemba nikija naenda ofisi ya kata kumuuliza diwani hiyo karatasi ya shule yetu inapatikana wapi, na mama nimeshamwambia tunaenda wote.