Nani anamhitaji mwalimu wa fizikia?

Mradi wa HEET, yaani Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unaogharamiwa na Benki ya Dunia kwa Dola milioni 425 za Marekani, unavitaka vyuo vikuu vya umma vya Tanzania vihuishe mitaala iendane na soko la ajira. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kimo. Wanaoupokea kwa mikono miwili wana sababu. Mzazi aliyeuza viazi misimu mitatu ili mtoto amalize chuo hataki kumwona amerudi nyumbani na bahasha ya vyeti. Na mhitimu mwenyewe ana deni: siku akiajiriwa, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wake.

Kazi zinazosubiri ujuzi zipo pia. Maparachichi ya Rungwe na Njombe yakishavunwa yanahitaji chumba cha ubaridi, na mtu wa kukitengeneza kikigoma usiku. Mhitimu anayejua kazi hiyo hakai kijiweni. Hapo sina ubishi.

Ninapokwama ni Iringa. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kilianzishwa mwaka 2005, wakati sekondari zinaongezeka kwa kasi na walimu hawatoshi. Wa sayansi hawatoshi hadi leo. Lakini kuna kijana ninayemfahamu, amesomea ualimu wa fizikia na hisabati, anajitolea shule ya kata. Posho yake ni michango ya wazazi, na kuna miezi haipatikani. Asubuhi yuko kidato cha tatu, mkono mweupe kwa chaki. Jioni yuko kwenye bodaboda. Kwa hesabu ya soko, kozi yake hailipi. Kwa watoto wale, asipofika hakuna kipindi cha fizikia.

Soko linamsikia mwenye fedha tu, na shule ile haina. Mwajiri mkuu wa walimu ni serikali. Ikichelewesha vibali vya ajira, kisha ikakipima chuo kwa idadi ya wahitimu walioajiriwa, inakiadhibu kwa uamuzi wake yenyewe. Tena yule wa kutengeneza chumba cha ubaridi, fizikia alianza kufundishwa na nani?

Basi waajiri wakiitwa kujadili mitaala, na waitwe. Ila kwenye meza hiyohiyo akae na mkuu wa shule ya kata, aje na ratiba yake yenye vipindi visivyo na mwalimu.