Vipimo vya Picha: Visomwe Mapema au Baada ya Kusimbua?

Katika mkondo wa data unaolisha modeli ya kujifunza kwa mashine, upana na kimo cha kila picha hupatikana kwa njia mbili: kuvisoma kabla ya mafunzo na kuvihifadhi katika jedwali, au kusubiri picha isimbuliwe, yaani faili ligeuzwe kuwa pikseli, ndipo tensa yenyewe (mpangilio wa namba za pikseli hizo) iulizwe.

Hoja kuu ya njia ya kwanza ni wepesi wake. Faili la PNG huweka vipimo hivyo ndani ya baiti 24 za mwanzo. JPEG hudai kazi zaidi, kwa kuwa programu hulazimika kuruka sehemu moja baada ya nyingine hadi ifikie inayovibeba, lakini hata hapo hakuna pikseli inayosimbuliwa. Mwenye jedwali hilo anaweza kuchuja picha ndogo mno mapema, na kuziweka zenye uwiano wa upana na kimo unaokaribiana katika kundi moja ili kumbukumbu isiishie kwenye nafasi tupu zinazoongezwa ili picha zilingane.

Hata hivyo, kichwa cha faili (sehemu ya mwanzo yenye maelezo yake) hakisemi yote, na jambo hili halipewi uzito linaostahili. Picha ya simu mara nyingi hubeba alama ya mwelekeo ya EXIF (maelezo ambayo kamera huyaandika ndani ya faili), yenye thamani kati ya 1 na 8, na kuanzia 5 hadi 8 upana na kimo hubadilishana nafasi. Maktaba ya programu iitwayo OpenCV, isipoagizwa vinginevyo, huigeuza picha ya namna hiyo inapoisoma, ilhali maktaba nyingine, Pillow, huiacha ilivyo. Jedwali likijazwa kwa Pillow na mafunzo yakaendeshwa kwa OpenCV, hakuna hitilafu itakayoripotiwa, ila visanduku vinavyoonyesha mahali vitu vilipo pichani vitaangukia pasipo na kitu, na modeli itajifunza uongo kwa utiifu wote.

Tensa iliyosimbuliwa haina utata huo, kwa sharti kwamba iulizwe kabla picha haijapunguzwa kuwa, tuseme, pikseli 224 kwa 224. Gharama yake ni kusimbua kila picha, hata itakayotupwa. Katika TensorFlow, maktaba ya kujifunza kwa mashine, aidha, umbo huwa halijulikani mkondo unapojengwa, hivyo ni lazima kutumia amri ya tf.shape wakati wa utekelezaji.

Kwa maoni yangu, jedwali lipange na kuchuja tu, na hesabu za visanduku zifuate tensa. Vipimo vya jedwali na vya tensa vikitofautiana, mafunzo yasimame. Wapo wanaopendelea kuzigeuza picha zote mara moja na kuzihifadhi upya, lakini JPEG inayosimbwa tena kwa kawaida hupoteza ubora, hivyo ni afadhali thamani ya mwelekeo iandikwe kando ya vipimo.