Bajeti ya Kuku 20

Kuku mwenye afya kuliko wote nchini ni kuku wa kwenye karatasi. Hapatwi na mdondo, habebwi na kicheche, hula kidogo na hutaga yai moja kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Nimemfahamu kuku huyu kupitia kwa shemeji yangu, aliyefika kwangu Chanika akiwa na nusu karatasi ya daftari, akaniambia kwa upole kama mtu anayemzindua mgonjwa, “Shemeji, unalalia mali.” Hesabu yake ilikuwa fupi: kuku 20, mayai 20 kwa siku, mayai 600 kwa mwezi, yaani trei 20. Upande wa matumizi aliandika neno “chakula”, akaweka kiasi ambacho kwa maoni yangu kingemtosha njiwa, na chini yake akaandika “dharura” bila kuweka kiasi chochote.

Mimi ni karani wa ghala, na mtu aliyezoea kuhesabu magunia hawezi kulala nyumba moja na karatasi ya namna hiyo. Niliuliza huku na huko, na jambo la kwanza nililoambiwa ni kwamba yai moja huchukua saa 24 hadi 26 kutengenezwa tumboni, kwa hiyo hata kuku mwenye bidii husogeza saa ya kutaga kila siku mpaka ifike siku asitage kabisa, na hakuna wa kumwandikia barua ya onyo. Kuku wa kienyeji ndiye huru zaidi, kwa maana akishataga mayai 10 hadi 15 hupandwa na uchungu wa mama, akayalalia, na ukimsogelea anakudonoa. Katika kuku 20 wa mayai wanaotunzwa vizuri, nikipata mayai 14 kwa siku napaswa kushukuru. Shemeji alipoelezwa hayo alisema nina roho ya kukata tamaa.

Halafu kuna chakula. Tangu kifaranga aanguliwe hadi atage yai la kwanza ni kama miezi mitano, na katika muda huo kila mmoja hula takriban kilo 7, hivyo kwa 20 ni kilo 140, karibu magunia matatu ya kilo 50, kabla hata ganda la yai halijaonekana nyumbani. Miezi mitano wanakula, wanakunywa, wanawashiwa taa usiku, wanatandikiwa maranda makavu, na hawachangii chochote. Ninaye mpwa wa aina hiyo pale sebuleni, ila yeye angalau hufungua geti. Wakishakua, kila kuku anataka kama gramu 120 kwa siku, nami nikizidisha napata kilo 72 kwa mwezi, na kuku hajui tarehe ya mshahara.

Nilishauriwa nichanganye chakula mwenyewe ili kupunguza gharama: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, chokaa, chumvi kidogo, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) na dagaa. Ni hapo kwenye dagaa ndipo amani ya nyumba ilipotikisika. Nilinunua kilo moja ya majaribio, nikaiweka mezani kwenye mfuko wa karatasi, na Mama Neema akaufungua, akachukua dagaa mmoja, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, akamvunja kichwa na kumnusa. “Baba Neema,” alisema, “hawa hawana mchanga. Wale unaotuletea sisi unawanunua wapi?” Sikuwa na jibu lililo salama, na jioni hiyo wale dagaa wa kuku waliungwa nazi, tukawala.

Suala la banda nilidhani ni jepesi, kwa kuwa kuku watano huenea katika mita moja ya mraba, nami nilihitaji mita nne tu. Fundi alikuja, akapima, akakohoa, akataja saruji, nondo na mabati ya rangi. Nilipomkumbusha kwamba wapangaji wenyewe ni kuku, alinitazama kwa masikitiko na kusema, “Bosi, kuku naye ana haki ya kukaa pazuri.” Haki hiyo ilikuwa na msingi, linta, wavu mzito wa kuzuia nguchiro, na kufuli, maana nguchiro wa miguu miwili wavu haumtoshi.

Lakini kilichonimaliza ni chanjo. Mdondo hauna tiba, hilo kila mtu analijua, na kinga yake ni tone moja la chanjo jichoni kila baada ya miezi mitatu hivi. Tone lenyewe ni bei ndogo. Tatizo ni kwamba kichupa huja na matone ya kuku 100 au zaidi, na kikishafunguliwa hakiwekwi akiba. Kwa hiyo mwenye kuku 20 hulipia chanjo ya kuku 80 wasiokuwepo, la sivyo atafute majirani wa kushirikiana nao. Jirani yangu mwenye kuku wengi kuliko wote mtaani, ambao hushinda kwangu wakifukua mchicha, alinijibu kwamba kuku wake wamechanjwa na Mwenyezi Mungu. Chanjo ya gumboro, ugonjwa mwingine wa kuku, nayo huwekwa kwenye maji yasiyo na klorini, na wataalamu hushauri uyatie maziwa ya unga kidogo ili dawa isiharibike. Maziwa ya unga! Katika nyumba hii, ifikapo tarehe 15, chai huwa ya rangi.

Wakati huohuo mayai yameshagawanywa. Mama Neema ametenga mawili kila siku kwa ajili ya watoto, shemeji anataka trei moja kwa mwezi kama ada ya ushauri, na yule jirani wa chanjo ya mbinguni ameomba mbolea. Mama mkwe ametaka jogoo. Nilimweleza kwa heshima kwamba kuku hutaga vizuri bila jogoo, isipokuwa mayai hayo hayaanguliwi, naye akasema wanawake 20 kukaa bila mume ni aibu kwa ukoo, na kwamba yeye hatakuja kulala katika boma la namna hiyo. Jogoo ameingizwa katika bajeti.

Jana usiku Mama Neema aliichukua kalamu, akaifuta 20 na kuandika 10, akaniambia gharama sasa zimepungua nusu na tuanze. Nilimpigia fundi kumpa habari hizo njema. Alisema banda litakuwa bei ileile, kwa sababu mlango ni mmoja na kufuli ni moja. Wa duka la dawa naye alisema kichupa ni kilekile, ila sasa nitafute majirani wenye kuku 90.