Kazi Ndogo Tu, Mzee

Asubuhi hii nilikuwa naosha pikapu yangu kwa amani, mtu mzima na kitambaa chake, sina ugomvi na kiumbe. Nimefika kwenye madigadi ya nyuma nikaona rangi imevimba kidogo. Kipele tu, kama cha mbu. Nikakibonyeza. Kidole kikapita. Hakikutoboa, maana kutoboa kunataka nguvu. Kilipita tu, kama mgeni aliyekuta mlango umerudishiwa. Nikabaki nimechutama pale, kidole kiko ndani ya gari mwenyewe niko nje, na kijana wa jirani anapita. "Shikamoo mzee." Nikaitikia "Marahaba" kwa sauti ya mtu anayepima jambo la kitaalamu.

Wenye magari ya zamani hapo mmeshacheka, mnajua kilichofuata. Ninyi wenye magari mapya endeleeni kucheka kwa sababu zenu, siku zenu zinakuja.

Kutu haina haya. Chuma kikishakutana na maji na hewa kinageuka ule unga mwekundu, na unga wenyewe unataka nafasi kubwa kuliko chuma kilichouzaa. Ndiyo maana rangi inavimba. Ukiona kipele nje, ujue ndani harusi ilishakwisha na wageni wanaosha vyombo. Milango nayo ina vitundu kule chini vya kutolea maji, vikizibwa na tope na majani makavu mlango unakuwa ndoo. Wa kwangu wa kushoto nikikata kona unasikia mawimbi. Kuna abiria aliwahi kuniuliza kama tumekaribia ziwa.

Basi nikampeleka mgonjwa kwa fundi bodi. Akaja na bisibisi sikioni, akazunguka gari mara moja, akatamka yale maneno matatu ambayo yamefilisi wanaume wengi kuliko kamari: "Kazi ndogo tu."

Nikasimama wima. Nikamweleza kwamba mimi nalijua gari langu, nililinunua likiwa na rangi mpya kabisa, mwenyewe alilitunza kama yai. Fundi hakunibishia. Akatoa mfukoni kijisumaku, akakibandika juu ya boneti, kikanata. Akakihamishia mlangoni, kikanata. Akakileta kwenye madigadi, kikaanguka chini. Akakiokota, akakifuta vumbi kwa upole, akakirudisha sentimita chache pembeni. Kikaanguka tena. Mara ya tatu nikakiokota mimi, nikakikandamiza kwa dole gumba na kuhesabu moyoni hadi kumi, kama vile sumaku ni stempu. Nilipoachia kikaniangukia kwenye kiatu.

"Mzee," fundi akasema, na lile neno "mzee" akalivuta kama anayetoa pole, "hapa umenunua chokaa."

Akawasha grenda. Jamani, nimeona watu wakichimba visima bila kukutana na matabaka kama yale. Ilitangulia rangi nyeupe, chini yake bluu. Chini ya bluu puti ya kijivu, yaani ule uji wa kuzibia mabonde ya bodi ambao hukauka ukawa mgumu, chini ya puti ya kijivu puti nyingine ya pinki, nene kama kandambili. Chini yake wavu wa banda la kuku. Wavu wa kuku! Nilikuwa nabeba watu na mizigo juu ya banda. Na chini ya wavu, kama mtoto aliyelazwa vizuri, bunda la gazeti lililokunjwa.

Fundi akazima grenda. Akalichomoa lile gazeti kwa vidole viwili, akalikunjua juu ya boneti. Lilikuwa ukurasa wa michezo, limekaushwa na ile dawa ya puti likawa gumu kama ubao, lakini herufi zinasomeka. Kijana wake akaacha tupa akaja. Dereva wa gari jingine, ambaye kwa haki alikuwa na miadi yake pale, naye akaja. Tukainama wote wanne. Mechi ilikuwa kali. Timu ya nyumbani ilikuwa nyuma kwa bao moja, ikasawazisha, kipa akaumia, akaingia kipa wa akiba, na dakika ya 88 mshambuliaji akabaki yeye na yule kipa wa akiba, akainua mguu, na hapo hapo kutu imekula. Shimo. Chini ya shimo ni tangazo la magodoro.

"Alifunga," kijana akasema.

"Alifungaje? Kipa wa akiba mguu wake haujachoka," fundi akamjibu.

Yule dereva akasema kwa mwandishi anayeandika vile, lazima alipiga mwamba. Kwa nini? Kwa sababu angefunga, kichwa cha habari kingekuwa kikubwa zaidi. Tukapima kichwa cha habari kwa futi ya chuma. Sijui tulisimama pale muda gani, najua tu kwamba na mimi nilichangia, tena kwa ukali, kuhusu suala la kuotea.

Baadaye ndipo hasira ikanipanda. Wewe uliyeniuzia hili gari, popote ulipo: puti inanyonya maji! Ukiipaka juu ya kutu hujatibu kitu, umeifunika blanketi ili iendelee kula bila kusumbuliwa. Uliniambia "rangi ya juzi tu" ukiwa umenitazama machoni. Wavu ulikata kwa mkono wako. Gazeti ulilikunja kwa mkono wako, huenda na matokeo ulishayasoma! Ungeniachia shimo langu nilione, nilizoee, tuishi nalo. Shimo ni jambo la ukweli.

Tukarudi kazini. Fundi akakata bati lililooza, akakuta pembeni limeoza pia, akakata, pembeni ya pembeni nako hivyo hivyo. Sheria yao ni kwamba huwezi kuchomelea juu ya kutu, lazima ufuate mpaka ukutane na chuma kizima. Nilimpelekea tundu la kidole, kufika mchana lilikuwa dirisha. Ningeweza kumpitishia mtu sahani pale. "Kazi ndogo" bado ilikuwa inaendelea, sentensi yake haikuwahi kufutwa.

Kuchomelea kwenyewe ni subira. Bati la bodi halifiki hata milimita moja, ukiliunguza mfululizo linapinda na kukunjamana kama shati lililolaliwa. Kwa hiyo unapiga nukta hapa, unahamia kule unapiga nyingine, unaacha vipoe, unarudi katikati. Nilimkumbusha achomoe waya za betri kwanza. Akaniangalia kama nimemfundisha kupiga mswaki. Nilipoona cheche zinaelekea upande wa tangi la mafuta nikakumbuka kuna simu natakiwa kupiga, simu ya mbali.

Niliporudi kulikuwa na mshauri mwingine aliyenieleza niliuze tu, na mwingine alisema nipake lami chini ya gari lote, hata juu ya kutu, na huyo sikumjibu. Rangi nayo ni msiba wake. Nambari ya rangi ipo kwenye kibati cha kiwandani, inachanganywa sawasawa na nambari, kisha inapigwa pembeni ya rangi iliyoungua jua miaka yote hiyo, na kipande kipya kinang'aa kama jino la bandia. Nimekataa. Gari limerudi nyumbani na kiraka cha praima ya kijivu, ile rangi ya kwanza ya chini, upande mmoja linaonekana limetoka vitani, upande mwingine linaonekana linakwenda.

Nimeoga, nimekula, nimekaa. Mama watoto ananiuliza gari limeponaje, namjibu lakini mawazo yangu hayapo. Mtu amebaki na kipa wa akiba, dakika ya 88, anainua mguu. Nimempigia rafiki yangu mmoja anayejua mpira wa zamani, nikamsimulia mechi nzima mpaka pale, akaniuliza timu zipi. Sijui timu zipi. Majina yote yalikuwa kwenye sehemu iliyolika. Akakata simu.

Muda si mrefu simu ikaita. Fundi.

"Mzee, umelala?"

"Bado."

"Nimekuwa nafikiria. Madigadi ya upande wa pili, ile sumaku ulijaribu?"

Nikamwambia nimeshajaribu, jioni hii, kwa tochi. Imeanguka.

Akanyamaza kidogo. "Basi lilete kesho mapema. Tulifungue polepole, kwa mkono, bila grenda."

"Kwani na huko kuna kutu?"

"Kutu sijui, mzee. Lakini gazeti lina kurasa mbili."