Je, Harufu ya Paka Inamhamisha Panya?

Jirani yangu katika ploti moja ya Umoja ana paka mzee asiyeamka mkekani ila kwa harufu ya omena. Hajawahi kumwona akishika panya hata mmoja, lakini anaapa kwamba tangu paka aje, jikoni kumetulia. "Si lazima awinde," aliniambia, "harufu yake inatosha." Mlinzi wa ploti, ambaye ndiye huokota mizoga kwenye ngazi, humcheka. Panya wa Nairobi, anasema, wameshazoea kila kitu.

Ukiangalia pua ya panya ilivyoundwa, jirani ana hoja. (Nasema yule mdogo wa nyumbani, si lile dude la mitaroni, sisi wote tumewapa jina moja.) Ndani kabisa ya pua kuna utando uliojaa mamilioni ya seli za neva, na kila seli hubeba aina moja tu ya kipokezi cha harufu. Jeni za vipokezi hivyo ni zaidi ya 1,000 kwa panya. Binadamu tuna kama 400. Linda Buck na Richard Axel walieleza jamii hiyo ya jeni mwaka 1991, wakatunukiwa Nobeli mwaka 2004. Nyuzi za seli hizo hupenya mfupa wenye vitundu kama kichungi cha chai, zikaingia kwenye kinundu cha harufu mbele ya ubongo. Zenye kipokezi cha aina moja hukutana kwenye mafundo yaleyale.

Mwaka 2007 watafiti wa Japani walizalisha panya waliokosa seli za sehemu ya juu ya utando huo. Panya hao waliinusa harufu ya wanyama wanaowinda, tena waliweza kufundishwa kuiogopa, lakini bila kufundishwa hawakushtuka. Basi kuna njia ya hofu ambayo panya huzaliwa nayo. Hata panya wa maabara asiyewahi kuona paka huganda akinusishwa kitambaa kilichosuguliwa kwenye manyoya ya paka.

Hapo ningempa jirani ushindi, kama si pua ya pili. Chini ya ukuta unaogawa matundu ya pua, panya ana kiungo cha vomeronasali, vijifuko viwili vyembamba vinavyonasa, pamoja na mengine, protini za mate ya paka. Protini haisafiri hewani kama harufu ya chapati. Lazima panya asogee, aguse kwa pua, ndipo kiungo kivute unyevu ndani kama pampu. Paka anayelala sebuleni kutwa hamfikishii ujumbe huo panya aliye nyuma ya jiko la gesi. Na harufu inayorudi kila usiku bila meno nyuma yake huzoeleka, hasa pakiwa na unga uliomwagika.

Naftalini za wachuuzi wa mjini, vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vinavyouzwa kufukuza panya, ndizo dhaifu zaidi: sijui njia yoyote ya hofu ya kuzaliwa nayo inayoziitikia, na mvuke wake unaweza kumdhuru mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu. Hizo mimi sinunui.

Kinachonichekesha ni kwamba paka anaweza kuiharibu silaha yake mwenyewe. Kimelea cha toksoplazma huzaliana ndani ya utumbo wa paka na kutoka na kinyesi; kikiingia ubongoni mwa panya, humpunguzia hofu ya harufu ya paka. Mlinzi nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

Juzi niliingia jikoni kwa jirani kuazima kiberiti. Unga, mchele na maharagwe vyote viko ndani ya ndoo zenye vifuniko vya kubana. Nikamuuliza alizinunua lini. "Wiki ileile nilipoletewa paka," akasema.